Mtoto Aliyeandikwa Amekufa

Mwalimu Makandi alikuwa na miaka sitini na nne wakati mama yake alipomwomba amtafutie watu wa Daktari Arvidi.

"Kabla sijaenda," Kiende alisema, amekaa kitandani nyumbani kwao, mtaa wa Kiwanjani mjini Isiolo, macho yameshaingia ukungu, "nataka kujua kama alikuwa na ndugu. Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyeuliza kama tunakula."

Makandi alikuwa mlangoni. Kuna jambo alitaka kusema pale pale, lakini mdomo ulikataa. "Nitajaribu, Mama," akasema.

Arvidi alikuwa baba yake. Alitoka Latvia, nchi ndogo huko kaskazini mwa Ulaya, akaikimbia wakati wa vita, na mwishowe akajikuta Isiolo akitibu ng'ombe kwenye karantini ya mifugo. Hapo ndipo alipokutana na Kiende, msichana wa Kimeru aliyekuja kuuza ndizi. Makandi alizaliwa mwaka wa 1960. Mwaka uliofuata mvua ilizidi, mto ukafurika, na gari la daktari likachukuliwa na maji, naye akiwa ndani. Alimwachia mtoto wake rangi ya ngozi, basi.

Aliyemfungulia Makandi njia ya kutafuta ni Abiba, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ana duka la kompyuta mtaa wa Wabera. Abiba aligundua kwamba Walatvia wameweka vitabu vyao vya zamani vya kanisa kwenye mtandao, na mtu yeyote anaweza kuvifungua: ubatizo, ndoa, vifo, kurasa kwa kurasa, zimeandikwa kwa mkono.

"Mwalimu, hii ni lugha gani? Kama kuku amepita na wino miguuni."

"Kijerumani. Wachungaji wao wengi walikuwa Wajerumani."

Kwa wiki sita Makandi alikuwa anafika kila alasiri, Abiba akishamaliza kuswali. Aliandika kwenye daftari maneno machache ya Kijerumani ya kumsaidia: kuzaliwa, kubatizwa, baba, mama. Alikuwa amesahihisha miandiko mibaya ya watoto kwa miaka thelathini na tano, kwa hivyo polepole herufi zile zilianza kumtii. Jumanne moja ya mwezi wa sita akampata. Arvīds, amezaliwa Machi 1918, mtoto wa Pēteris fundi seremala na mkewe Anna. Na katika kitabu kilichofuata, miaka minne baadaye, dada yake: Milda.

Abiba akapiga makofi. Makandi alitabasamu kidogo tu. Jina la Milda hakuwa analiona kwa mara ya kwanza.

Akaandikia hifadhi ya nyaraka kule Latvia kuuliza kama Milda aliacha watoto. Siku ya tisa wakajibu. Milda alifariki mwaka wa 2009. Binti yake, Inta, alikuwa ameipa hifadhi nakala za karatasi za familia, na ameruhusu zionyeshwe kwa yeyote anayeuliza. Zilikuja picha tatu.

Ya kwanza ilikuwa mchoro wa ukoo. Chini ya Arvīds palikuwa na mstari mfupi, na mwisho wa mstari: Makandi, 1960–1963.

Ya pili ilikuwa jiwe la kaburi, na jina hilo hilo limechongwa chini ya majina ya babu na bibi.

Ya tatu ilikuwa barua ya Kiingereza, wino wa bluu, kutoka Isiolo, Mei 1979. *Tunasikitika kukujulisha kwamba mtoto unayemuuliza alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Mama yake alihama na hatujui alipo. Tafadhali usiandike tena.*

"Subhanallah!" Abiba alisema. "Nani aliandika uongo huu? Na wewe uko hapa mzima!"

Mwandiko ulikuwa umesimama wima, safi, kama wanavyofundishwa walimu wapya.

"Sijui," Makandi akasema. "Labda karani fulani."

Alitoka akatembea mpaka Kiwanjani, bodaboda zikimpigia honi akizikataa.

Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, yuko chuo cha ualimu. Shule ya msingi watoto walikuwa wamemwimbia "mzungu wa karantini" mpaka akajifunza kupita nyuma ya madarasa. Sasa alikuwa amechumbiwa na Mwongera, na kwa kina Mwongera alikuwa amesema baba yake alikuwa Mmeru mweupe aliyekufa mapema. Ndipo padri akampa barua kutoka Latvia akamsomee mama yake, kwa kuwa Kiende hakujua kusoma. Makandi aliisoma peke yake nyuma ya kanisa. Arvidi alikuwa amemwandikia dada yake habari za mtoto kabla ya kufa, na Milda alikuwa ametafuta anwani kwa miaka mingi. Makandi anasoma? Kiende ni mzima? Wanaweza kutuma picha?

Jioni hiyo alijibu mwenyewe. Barua ya Milda aliichana akaitupa chooni. Hakumwambia mtu, hata Mwongera, ambaye aliishi naye miaka thelathini akamzika.

"Umepata?" mama yake alikuwa anauliza kila jioni.

"Bado, Mama."

Siku tatu chakula hakikupita. Jumapili kanisani watu waliposimama kwenda kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi akiangalia viatu vyake. Aliporudi nyumbani aliketi sakafuni kando ya kitanda cha mama yake.

"Mama, waliandika."

"Nani?"

"Dada yake Daktari. Mwaka wa sabini na tisa. Padri alinipa barua nikusomee, na sikukusomea. Nikawajibu kwamba mimi nilikufa. Na kwamba wewe ulihama."

"Walinitaja?" Kiende akauliza.

"Kwa jina. Aliuliza kama wewe ni mzima."

"Na mimi nimemlaumu mpaka leo. Mtu aliyekuwa ananijulia hali."

"Nisamehe, Mama."

"Ulinionea aibu."

Makandi alitaka kueleza habari za nyimbo za shuleni na mama yake Mwongera. Alipofungua mdomo, yote yalionekana madogo. "Ndiyo," akasema.

Kiende akageukia ukutani. Kwa siku mbili hakugusa chakula cha binti yake. Alikunywa chai tu, iliyoletwa na jirani yao Habibo. Siku ya tatu akaita.

"Mwandikie huyo mtoto wa Milda. Uandike wewe mwenyewe, na usipunguze kitu."

Makandi aliandikia dukani kwa Abiba. Aliandika "nilikuwa mtoto" akafuta, kwa sababu miaka kumi na tisa si utoto. Kisha akageuka. "Abiba, yule karani ni mimi."

Abiba alimwangalia, akashusha macho. "Tuma, Mwalimu," akasema taratibu.

Wiki iliyofuata Inta alipiga simu ya video. Kiende aliishika simu kwa mikono miwili. Makandi aliketi pembeni, mahali asipoonekana, akitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kimeru.

"Mama yangu alimpelekea msichana huyo maua kaburini kila kiangazi," Inta alisema. "Hata alipokuwa hawezi kutembea, alinituma mimi."

Makandi akakwama.

"Sema," Kiende akamwambia. "Usiruke."

Akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Anayetafsiri ni nani?" Inta akauliza.

Makandi alilitafsiri na hilo. Kiende akamshika mkono akamvuta mpaka uso wake ukaingia kwenye simu. Makandi na Inta, wote wana mvi, wakatazamana. Hakuna aliyetabasamu.

"Nimekukasirikia sana," Inta akasema mwishowe. "Lakini usikate simu."

Makandi akasogea karibu na mama yake, akafuta uso kwa leso, akaanza kumtafsiria na maneno hayo.