Picha Mbili za Mama

Mdogo wangu wa kike ni mchoraji, kama kumwaga rangi na kuikanyaga nako ni kuchora. Miaka ishirini sijamwona akichora hata pua. Mimi ndiye niliyembandika jina la Madoa, na ukoo mzima ukalidaka. Chumba chake kinanuka tapentaini ya kuzimulia rangi mpaka kwenye ngazi, na godoro amelisimamisha ukutani ili picha zipate pa kulala. Watu wa maonyesho humsifu kwa maneno marefu marefu. Ukiwauliza wanaona nini, wanashika videvu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mimi nina studio ya picha. Za pasipoti, za harusi, za mahafali. Kwangu jicho ni jicho, na ukija na chunusi unaondoka bila chunusi.

Mama alipotimiza miaka sabini alitaka kitu kimoja tu: picha yake sebuleni, kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Mimi, kifungua mimba, nikasema nitaileta. Madoa, kitinda mimba, naye eti ataleta yake. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini niseme ukweli, ukuta ule niliutaka kwa kufa na kupona. Tangu utotoni Mama alimtazama yule kwa namna ambayo hajawahi kunitazama mimi.

Siku ilipofika nikatundika yangu. Makunyanzi yote nilikuwa nimeyafuta, hata kovu la kidevuni nikaliondoa.

"Kumbe nilikuwa mzuri hivi!" Mama akasema. "Ahsante, mwanangu."

Nikamtupia Madoa jicho la kumwambia amekwisha. Akafunua yake. Jamani! Kijani cha ukungu, karibu cheusi, kona mpaka kona, na chini kabisa mstari mwembamba wa njano.

"Hongera," nikamwambia. "Umemchora Mama akiwa dimbwi."

Mama alisogea, akainama mbele ya ule mstari wa njano, akaupitishia kidole.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, Mama?" Madoa akauliza.

"Nakuuliza, nani kakwambia!"

"Hakuna mtu, Mama. Nilikuwa nakuwaza tu, ikatoka hivyo."

Mama akaketi sakafuni, na magoti yake yale mabovu. Alilia kilio ambacho hata siku ya kumzika Baba hakukilia.

"Kabla ya kaka yako kulikuwa na mwingine," akasema. "Aliishi siku nne. Mwaka mzima nilijifungia chumbani gizani, natazama mwanga chini ya mlango. Baba yenu akakataza asitajwe. Nikanyamaza."

Kwa hiyo kifungua mimba si mimi. Nilimwonea mdogo wangu wivu mchungu, kwa sababu miaka yote nimemtazama Mama kwa lenzi na sikuona kitu.

Mama alipomaliza kujifuta machozi akaniita. "Shika upande huo, mwanangu, tuipeleke chumbani kwangu."

Nikashika. "Na yangu, Mama?" nikauliza, sauti imenitoka kama ya mtoto.

Akaigeukia mara moja tu.

"Iache hapo hapo. Wageni wataipenda."