Bloku Isiyo na Namba

Mzee Kilo, mwenye yadi ya vyuma chakavu, alimwita Fundi Spana asubuhi kwa sababu alikuwa amepata mnunuzi wa bloku moja ya injini, na mnunuzi mwenyewe hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Ni ya lori la zamani, hilo naliona. Lakini lori gani? Kisahani cha jina hakuna, namba hakuna. Wewe ndiye daktari wa injini."

"Huyu amekuja kwangu akiwa maiti," Spana alisema, akakunja mikono ya shati.

Bloku ilikuwa imelazwa juu ya matairi mawili, imeshikana na udongo mwekundu. Aliisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Pale penye namba palikuwa laini kama kiganja. Mtu alikuwa amepitisha grenda, akaisaga namba. Akahesabu silinda, sita. Akapima midomo ya matundu yake, akapapasa njia ya krenki, ule mhimili wa chini unaozunguka. Malori ya injini hizi yalikuwa machache hata enzi za ujana wake. Kisha akageukia ubavu wa kushoto, mkono ukasita.

Palikuwa na ufa wa urefu wa shibiri, umeshonwa kwa vipini vya shaba. Chuma cha injini hakipendi moto. Ukikichomelea, ufa unazidi. Unatoboa tundu, unapigilia kipini, unatoboa jingine, mpaka ufa uzibike. Vipini vilikuwa kumi na viwili, na cha mwisho kilikuwa cha manjano zaidi kuliko vingine. Aliushona yeye mwenyewe. Siku ile shaba ilimwishia, dada yake akampa ufunguo wa shaba ya manjano wa kabati lake. "Kata huu, kaka, mradi lori litoke."

Lori lilikuwa la mume wake. Siku mbili baadaye shemeji alipakia mbao, akaondoka, asirudi. Miaka tisa. Watu wakasema ana mwanamke huko aendako, na lisemwalo lipo. Dada mtu aliamini. Alichoma nguo zote za mumewe uani.

Spana alikaa chini, kwenye tope.

"Umeijua?" Kilo aliuliza.

"Nani amekuletea?"

"Ah, fundi, chuma ni chuma..."

"Kilo. Hii injini ni ya shemeji yangu."

Kabla ya adhuhuri Kilo alimleta muuzaji, mchoma mkaa wa bondeni, chini ya kona za barabara kuu. Hakubisha sana. Lori lilitumbukia korongoni wakati wa mvua, miti ikalifunika. Yeye na ndugu zake wakalikuta, wakawa wanalifungua kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Namba aliifuta mwenyewe.

"Na dereva?"

Mchoma mkaa alitazama miguu yake. "Alikuwa ndani. Tulimzika vizuri, fundi, na shati lake. Tungesema, lori lingechukuliwa."

Spana aliinua brashi ya waya ampige nayo usoni. Kilo akamdaka mkono. Spana alipotulia, alimwagiza Kilo aende polisi, naye akaenda na mchoma mkaa kwa dada yake, akamwacha nje ya mlango.

Dada alikuwa anachambua mchele. Akamweleza yote, bila kupunguza. Vidole vya dada viliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Kwa hiyo hakuwa na mwanamke."

"Hakuwa, dada."

"Mama mkwe alikuja hapa. Akalia, akasema, mwanangu si mtu wa hivyo. Nikamfungia mlango." Mama huyo walimzika mwaka juzi. "Sasa msamaha nimwombe nani?"

Dada aliweka ungo chini, akavaa viatu.

"Nipeleke."

"Tusubiri polisi, kesho..."

"Miaka tisa, kaka!"

Wakaenda, mchoma mkaa mbele, jembe begani. Huko korongoni kila mahali palikuwa na vichuguu vyeusi vya matanuri ya zamani. Mtu yule alisimama, akaonyesha chini ya mti mmoja. Akakuna kichwa, akaonyesha pengine, kando ya jiwe.

"Ni hapa au pale?" Spana alifoka.

"Tumechoma mkaa mwingi tangu wakati ule, hata miti ya alama tuliikata," akasema kwa sauti ndogo.

Dada alimnyang'anya jembe, akaanza kuchimba chini ya mti.