Koti la Ngazi Sitini na Moja

Mwongozaji wa matembezi aliyemwacha mama yangu ngazini nilimpima koti kwa mikono yangu mwenyewe, na tangu nianze ushonaji sijawahi kumpima mtu kwa uangalifu kama ule. Kifua, mabega, kiuno, paja, mpaka mzunguko wa goti la kushoto. Wenzake walimwita Swala kwa ajili ya mwendo wake. Alisimama mbele ya futi yangu akitabasamu kama bwana harusi, nami nilikuwa na pini sita mdomoni. Ningeweza kumchoma, ila nilikuwa na mpango mzuri zaidi.

Mama alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kushoto ukabaki mzito: mkono hauinuki, goti linakunjika kidogo tu, na anatembea kwa mkongojo. Alitaka kitu kimoja, kuyaona maporomoko ya maji yaliyo nje ya mji, ambayo marehemu baba alimwahidi kila mwaka na kila mwaka akapata udhuru. Nikaenda ofisi ya matembezi. Kadi ukutani ilisema: Njia ya Maporomoko, rahisi, dakika arobaini, ngazi chache, inafaa kila mtu. Fomu iliuliza kama tunajua kuogelea. Habari za magoti haikuuliza. Nikamweleza Swala mwenyewe kuhusu mkongojo, akasema hamna shida.

Hizo ngazi chache zilikuwa mia moja arobaini na tatu, za mawe, hazina hata kamba ya kushikia. Mama alipanda sitini na moja. Alizipanda akiuma meno, jasho linamtiririka, mpaka goti likakataa kabisa na nikamkalisha juu ya jiwe kwenye kona. Swala aligeuka, akatazama saa yake, akasema mbele ya kundi zima: "Mama, wewe ungetembea tu sebuleni kwako." Watu wakacheka. Akaahidi kutupitia wakati wa kurudi, kisha akarudi na kundi lake kwa njia nyingine. Tulikaa pale saa tatu nzima. Mwishowe mama alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, ndani ya gauni nililomshonea kwa ajili ya siku ile.

Aliporudi nyumbani aliviweka viatu vyake juu ya kabati, na kwa miezi mitano hakuvuka geti. Mimi nilitaka mambo mawili: mama avae vile viatu tena, na Swala akae pale alipotukalisha. Nikiwa mkweli, la pili ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Nilipokwenda kulalamika, msimamizi wa ofisi, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alinieleza wanavyofanya kazi. Kila njia hupimwa na mwongozaji mmoja, kwa saa yake na miguu yake. Swala aliipima ile peke yake, asubuhi, mikono mitupu, akatumia dakika ishirini. Kwa huruma akaongeza nyingine ishirini. Mtu akipinga kadi, aliyeipima lazima aipime upya, lakini hakuna aliyewahi kupinga. Akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba ipo njia nyingine ya chini, tambarare, kando ya mto, yenye benchi kila baada ya hatua hamsini. Haikuwa na kadi kwa sababu waongozaji waliiita njia ya wazee na hakuna aliyetaka kuonekana akiiongoza. Nilimwomba ayarudie maneno hayo, kwa maana sikuwa na hakika nimesikia vizuri.

Kisha nikasema napinga kadi. Swala aipime upya, ila akiwa amevaa koti nitakalomshonea. Swala alipoitwa akacheka mbele ya wenzake, akasema hata nimvishe simenti. Nikamjibu simenti itaniharibia cherehani, mchanga utatosha.

Nilishona wiki nzima. Turubai nzito, mifuko ya mchanga kilo ishirini, mingi upande wa kushoto. Mkono wa kushoto niliushonea mfuko tumboni, usitoke. Kwenye goti niliingiza vibao viwili ili likunjike kama la mama, wala si zaidi. Kamba za kufungia niliziweka mgongoni katikati, pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki. Nakiri kwamba kilo mbili za mwisho hazikuwa za mama. Zilikuwa zangu.

Siku yenyewe nilimbembeleza mama aje hadi ofisini tu, pale chini ya ngazi, akae na msimamizi. Alikuja amevaa kandambili, ili nijue kwamba haendi popote. Viatu vyake nilivificha chini ya kiti cha gari.

Nilimfunga Swala koti, akaanza kwa mwendo wake uleule, wa kujionyesha, nami nyuma yake. Ngazi ya ishirini alikuwa anahema. Ya arobaini aliacha kunitania. Ya hamsini na nne alikaa chini bila kuambiwa, uso umemvimba kwa joto, ngazi saba chini ya jiwe la mama. Nikampa kadi mpya na kalamu. Akaandika kwa mkono wa kulia, juu ya paja: ngumu, ngazi mia moja arobaini na tatu, hakuna pa kushikia, hakuna pa kukaa. Nikaikagua kama ninavyokagua pindo, nikaitia mfukoni.

"Dada, nifungulie," akasema kwa sauti ndogo.

"Nitakupitia wakati wa kurudi," nikamwambia.

Angeweza kuwaita wenzake, walikuwa chini pale pale. Aibu ilimziba mdomo, na hilo pia nilikuwa nimelipima.

Chini, mama aliniuliza jambo moja tu, amefika ngazi ya ngapi. Nikamwambia. Midomo yake ikahesabu.

"Mimi nilifika sitini na moja," akasema. "Viatu vyangu viko wapi?"

Tulishika njia ya wazee. Kwenye benchi la tatu miti iliachana, na maporomoko yakawa mbele yetu, meupe, yakitunyunyizia uso. Mama aliyatazama mpaka machozi yakamtoka na hakuyafuta. Halafu akainua macho kwenye ngazi, akaliona koti la kijivu limekaa peke yake pale juu.

"Ndiye yule?"

Nikaitikia. Nilijiandaa kugombezwa. Mama aliinua mkongojo wake juu kadiri alivyoweza, akampungia, akaungoja mkono wa kulia wa Swala upunge pia. Ulipunga.

"Tukae kidogo, mwanangu," akasema. "Hatuna haraka."

Mbele yetu yalikuwa yamebaki mabenchi manne. Tuliyakalia yote.