Boma la Kanini

Jumatatu asubuhi Mbula alivaa miwani ya jua, maana utomvu wa mnyaa huchoma macho, akaenda kupunguza ua wa minyaa wa hoteli moja nje kidogo ya mji wa Wote. Akakuta ua umehama. Ijumaa ulikuwa kando ya maegesho. Sasa ulikuwa mviringo katikati ya bustani, na nafasi ya mlango upande wa mashariki.

Musembi, meneja, alikuja na kikombe chake cha uji.

"Nani amehamisha?"

"Umehama wenyewe, boss."

"Sawa. Urudishe kabla wageni hawajaamka."

Mbula akachimba, akaurudisha, akamwagilia. Kesho yake ulikuwa katikati tena, na mishubiri mitatu ilikuwa imeufuata, imejipanga kama mafiga. Bustani nzima ilikuwa ya mimea ya huku huku Ukambani. Mwenye hoteli aliambiwa ya aina hiyo haisumbui.

Siku hiyo Kanini, mjane wa pale jirani, alipita akielekea kwa maombi ya akina mama. Akasimama barabarani.

"Hapo ni kwangu," akamwambia Mbula. "Hata jiko liko mahali pake. Lakini nyumba ya kuku ilikuwa nyuma zaidi."

"Labda itafika wiki hii, mwaitu," Mbula akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

Ilifika Alhamisi, kichaka cha miiba.

Miaka ya nyuma, Kanini alipokuwa Mombasa akimuuguza binti yake, shemeji yake aliuza shamba lenye boma lake. Aliporudi, akakuta msingi wa hoteli umechimbwa. Kortini aliambiwa jina lake halikuwa popote.

Mwenye hoteli alikuja, akalizunguka boma, akalipenda. Wakili wake alimhakikishia kwamba minyaa haiwezi kutoa ushahidi. Basi akaamuru meza ziwekwe ndani. Wageni walipapenda. Wengi walisinzia hapo wakaota mama fulani anawaita kwa majina ya watoto wa Kanini, waje wale. Waliitika, wakaamka, wakaagiza chapati.

Mbula aliendelea kupunguza matawi. Siku moja akamwuliza Musembi kama Kanini anaweza kuingia.

Musembi akafikiri. "Aingie. Lakini kama mtu yeyote."

Jumamosi Kanini akaja na rinda lake la kanisani. Askari wa langoni akapekua kiondo chake, akampisha. Mbula akamvutia kiti karibu na mishubiri, akamletea chai mwenyewe.

"Iko aje, mwaitu?"

"Haijachemka vizuri."

Kanini akainuka nusu ili asukume kuni kati ya mafiga. Akabaki hivyo kidogo, mkono mbele. Kisha akakaa, akainywa vivyo hivyo. Mbula akajifanya anang'oa magugu.

Jua liliposhuka, askari akapita akiwaambia wasiolala hotelini kwamba muda umeisha.

"Karibu tena, mama," akamwambia Kanini kwa heshima.

"Asante," Kanini akasema.