Mkono Uliomtoa Ratri Mtoni

"Sisi Wabanjar tunaogelea kabla ya kutambaa," Aspihani alimwambia mkewe ndani ya ndege. Akalirudia neno hilo kwenye teksi, na walipofika kwa bibi yake akalisema tena mdomo ukiwa umejaa samaki. "Mtoto wa Kuin ukimtupa mtoni, anakurudia na kambare mkononi."

Ratri, mke wa miezi mitano, alizaliwa kwenye baridi ya milima ya Jawa, ambako maji mengi kuliko yote aliyoyajua ni ya pipa la kuogea. Alimtazama mumewe kwa macho ya kuvutiwa. Kitu ambacho Aspihani hakukisema ni kwamba aliondolewa Kuin, mtaa wa bibi yake ukingoni mwa mto, akiwa na miaka mitatu, akakulia Surabaya ghorofa ya nne, na bwawa pekee alilowahi kuingia lilimfika kiunoni. Alitoka humo upesi akilalamika kwamba limewekwa dawa nyingi.

Siku mbili walizunguka mifereji ya Banjarmasin kama wafalme. Waliswali kwenye msikiti wa kale wa ukingoni, wakapiga picha chini ya sanamu ya nyani wa pua ndefu anayetema maji mtoni.

"Mas, huyu si baba yako mkubwa kabisa?" Ratri aliuliza, akimwita kama wake wa Kijawa wanavyowaita waume zao kwa heshima.

"Msimamo wa pua ni wake. Ila huyu akifungua mdomo angalau kinatoka kitu."

Asubuhi ya tatu wakakodi boti kwenda soko la majini. Mwenye boti, mtu mzima asiyependa maneno, aliwarushia majaketi mawili ya kuokolea.

"Haya ya nini?" Aspihani aliyarudisha. "Mzee, unanivunjia heshima mbele ya mke. Halafu kwenye picha ataonekana kama mtungi wa gesi."

"Mas, mimi sijui kuogelea."

"Na mimi nimekuja kufanya nini?"

Majaketi yakabaki chini ya benchi.

Sokoni mitumbwi ilikuwa imebanana, machungwa huku, mboga kule, na wanawake wenye kofia za majani pana kama sinia wakipokezana maneno juu ya maji. Boti yao ilijisogeza kando ya mtumbwi wa chai wa Shangazi Masnah, mama wa miaka hamsini na kitu mwenye mikono iliyokomazwa na kasia. Vitumbua na keki za kila rangi alikuwa amezipanga mbele ya jiko. Hapo mteja hashuki. Anapewa fimbo ndefu yenye msumari nchani, anachoma anachokitaka, anajivutia.

"Ile ya kijani, kule mwisho kabisa," Aspihani alimchokoza mkewe. "Ukiikosa nitajua nimeoa mikono mifupi."

"Chukua ya karibu, mwanangu," Shangazi Masnah alisema. "Zote nimezipika mimi, hakuna niliyoipendelea."

"Mwache, shangazi. Watu wa milimani lazima wafundishwe."

Ratri akapanda juu ya ubao wa ukingo, akanyoosha fimbo. Nyuma yao boti kubwa ilipita na wimbi lake likawajia. Aspihani alikuwa anapiga picha. Kwenye simu aliiona keki ikichomwa, akamwona Ratri anacheka, halafu akaona maji matupu.

Aliishusha simu kuhakikisha. Maji matupu vilevile, ya rangi ya chai ya maziwa, yamejifunga kana kwamba hayajapokea mtu.

Mguu wa kulia uliinuka, tusimwonee. Wa kushoto ndio uliogoma. Mikono nayo, bila kuulizwa, ikaikumbatia nguzo ya paa la boti. Akalala kifudifudi, akazamisha kichwa, bega na mkono mmoja, akapapasa huku na huku. Hakugusa kitu. Akili yake yote ilikuwa imehamia kwenye vidole vitano vilivyoshika nguzo.

Shangazi Masnah alivua kofia, akazifunika keki zake zisilowe, akajitupa.

Alipita chini ya boti na kuibukia upande wa pili, nywele za Ratri zikiwa ndani ya ngumi yake. "Nipe mkono, we kijana," alisema huku akihema. Aspihani alimsikia vizuri sana. Vidole havikufunguka. Akamwomba tena. Mwishowe mwenye boti aliiacha injini, akamvuta Ratri ndani kwa kwapa, peke yake. Na kwa kuwa mtumbwi wa chai ulishaanza kuchukuliwa na mkondo, jiko likiwaka na birika likitoa mvuke, Shangazi Masnah akageuka kuufukuza.

Ratri alitapika maji, akafumbua macho. Uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa mumewe, umelowa, unachuruzika.

"Mas," alisema. "Uliruka."

Jibu lilikuwa neno moja. Aspihani akamfuta maji usoni kwa mkono wake uliolowa.

"Nyamaza upumzike," akasema.

Mwenye boti alimtazama, akarudi kwenye injini yake.

Nyumbani kwa bibi, Ratri hakuacha kutetemeka. Mablanketi matatu, tangawizi ya moto, bado meno yanagongana. Macho alikuwa ameyafumbua, lakini ukimwita anachelewa kuitika, kama mtu aliye chumba cha pili. Kila alipochelewa, Aspihani alimwita tena.

Bibi Aluh alimshika paji la uso. "Mmeleta mwili tu," alisema. "Roho imebaki mtoni."

Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la mchele uliopakwa manjano.

"Anayemrushia mchele huu kuiita roho ni yule aliyemtoa," alieleza. "Roho iliyoshtuka inaujua mkono mmoja tu. Ikiitwa na mwingine inaona ni mgeni, inazidi kwenda mbali. Nani alikutoa, mwanangu?"

"Mas Pihan," Ratri alisema. Hilo peke yake halikuchelewa.

Bibi aliwageukia majirani waliojaa dirishani. "Mmesikia? Damu ya Kuin hiyo. Surabaya haikuifuta."

Kule Surabaya, Aspihani alikuwa akizichekea habari hizi. Hapa, maji yakipiga nguzo chini ya sakafu, kicheko hakikuja. Akirusha, na Bibi akawa anasema kweli, basi atakuwa amemfukuza mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Akisema ukweli, yale macho ya Ratri hayatamtazama tena vile.

"Bibi, rusha wewe. Wewe mzoefu."

"Kwani mimi ndiye niliyeruka?"

"Mkono unaniuma."

"Tumia huo mwingine."

Akapokea bakuli. Ratri alimwinulia uso, ametulia kidogo, kama mtoto anayesubiri kunawishwa. Aspihani akachota mchele, akapiga bismillahi, akainua ngumi juu ya kichwa cha mkewe. "Kur sumangat," alianza, kwa wito wa wazee wa kuirudisha roho. "Rudi, roho ya Ratri..."

"Ngoja kwanza."

Sauti ilitokea mlango wa mtoni. Shangazi Masnah alikuwa anapanda ngazi, nguo bado zimemshika mwilini.

"Nimekaa sokoni nikisubiri niitwe kurusha mchele," alisema. "Naona kimya, nikamwuliza mwenye boti mlikoshukia, nikaja mwenyewe." Kisha akauona mkono ulioinuliwa, akaufuata kwa macho mpaka kwa mwenyewe. "Anarusha huyu?"

"Mumewe," Bibi Aluh alisema. "Ndiye aliyemtoa."

Shangazi Masnah hakukasirika. Aliuliza taratibu, kama mtu anayedhani labda yeye ndiye aliyesahau. "Mwanangu, wewe si ulikuwa umekumbatia nguzo? Nilikuomba mkono mara mbili."

Dirishani hakuna aliyecheka. Aspihani, ambaye maisha yake yote alikuwa ameponea kwenye kicheko cha watu, alisubiri hata kimoja. Bibi aliinamisha kichwa, akaanza kuutengeneza mkeka uliokuwa umetengenea.

Ratri aligeuza shingo polepole. Alimtazama Shangazi Masnah, ile mikono yake, halafu akamtazama mumewe, na alimtazama sawasawa, kama mtu aliyerudi chumbani.

"Mpe shangazi bakuli," alisema.