Kisima cha Babu

Kazi yangu ni kutafsiri kwenye ofisi ya uhamiaji, meza ya tatu, pembeni ya kabati la mafaili. Ofisa wangu tunamwita Bwana Mhuri, maana hugonga kwanza, kusoma baadaye. Si mtu mbaya. Ana haraka tu, na haraka yake imeshavunja nyumba za watu.

Asubuhi ile aliyeitwa mbele alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Ofisini hawakujua. Mvua ilikuwa imekosa miaka minne mfululizo, ng'ombe wake wakaisha wote, ndipo akavuka mpaka kwa miguu aje kuishi nasi. Mpaka wenyewe ulichorwa na wageni wasiojua hata ladha ya maji yetu. Ukapasua malisho katikati: kisima cha babu kikaangukia kule, nyumba zetu huku. Akiandikwa mwenyeji, atabaki. Akiandikwa mgeni, atarudishwa kwenye vumbi akafe peke yake.

"Muulize ametoka wapi," alisema Bwana Mhuri.

Nikamuuliza. Kwetu, mtu akiulizwa hivyo hataji alikozaliwa wala anakolala. Hutaja kisima ambako baba yake alinyweshea mifugo. Anayekikana kisima amemkana baba. Shangazi akajinyoosha, akakitaja kisima cha babu kwa maringo, utadhani bado kina maji.

"Anasema ni wa hapa hapa," nikatafsiri.

Shangazi haijui lugha ya ofisi, lakini jina la kisima analijua, na hakulisikia. Akanikazia macho. "Mbona hukukitaja?"

"Shangazi, nakuomba. Nyamaza tu, tutaongea nyumbani."

"Ninyamaze, nimkane baba yangu?" Akainuka, akakitaja tena, mara mbili, akinyoosha kidole upande wa mpaka. Kidole hakihitaji mkalimani. Bwana Mhuri akakifuata kwa macho, akatazama ramani ukutani, akagonga mhuri. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nililia pale pale, sikuona aibu. Askari akamshika shangazi mkono ampeleke kwenye lori. Mlangoni akageuka, akaniuliza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Na wewe mwanangu, siku walipokuandika kazi hapa, ulisema umetoka wapi?"

"Anasemaje?" akauliza Bwana Mhuri.

"Anaaga," nikasema.