Ua la Tano

Fundi aliliweka ua la kioo kati ya vipande viwili vya plastiki nyeusi vya kupimia, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Kioo kilichopoa vizuri hubaki cheusi humo. Hiki kiliwaka: duara jeupe lilikizunguka kitovu cha rangi ya waridi, pale petali zilipoungana.

"Miwani," alimwita mwenzake wa karakana, "vile vijiti vya kioo vya rangi ya waridi ulivyoniazima ni vya kiwanda gani?"

"Ulitaka nikuletee na cheti cha kuzaliwa?" Miwani alipouona uso wake, mzaha ulimwisha. "Si vya kwetu. Usiniambie umevichanganya na kioo chetu."

Alikuwa amevichanganya. Vioo viwili visivyosinyaa sawasawa vikipoa hubaki vinavutana kimyakimya, siku hata miezi, kisha hupasuka bila kuguswa. Ua la mezani lilikuwa la majaribio. Mengine matano, maua ya mpichi kama yanavyochanua baridi ikiisha, alikuwa ameyatundika kwa mikono yake juu ya kitanda cha mjukuu.

Alipiga simu kwa binti yake. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena akiwa njiani, anatembea, kisha anakimbia na aproni yake kiunoni.

Mlango wa nyumba ya binti ulikuwa umerudishiwa tu. Kitandani hapakuwa na mtoto. Maua yalining'inia, yakizunguka polepole kwa upepo wa dirisha. Akayahesabu. Manne. Akarudia. Manne, na uzi mmoja mtupu.

Alipiga magoti, akapapasa shuka, akakung'uta blanketi, akainua godoro. Hakuna hata chembe. Akafikiria kinywa cha mtoto.

"Mama! Mbona unabomoa chumba?"

Binti yake alisimama mlangoni, mtoto kifuani ananyonya. Ua la tano lilikuwa shingoni mwa binti, kwenye utepe, na kiganja cha mtoto kimelifumbata.

"Najua, nimemwibia mwanangu. Lakini si limenipendeza?"

"Usicheke. Usisogee kabisa."

"Mama, unanitisha."

"Nimetishika kabla yako. Tulia."

Alipenyeza kidole chake kwenye kile kiganja kidogo, akakifungua taratibu. Mtoto alikaza, akalegeza, akakikamata kidole cha bibi badala ya ua. Kwa mkono wa pili Fundi akalifunika ua, kulitenga na uso wa mtoto.

"Sasa vuta utepe."

Utepe ulifunguka.

Walilizungushia taulo, wakaliweka pamoja na yale manne ndani ya bati la biskuti, wakalifunga. Kisha wakaketi jikoni, bati mbele yao, Fundi akamweleza habari ya vile vijiti.

"Labda yangekaa hivyohivyo miaka," binti alisema.

"Labda."

Fundi hakuondoa macho kwenye bati. Kidole chake bado kilikuwa mkononi mwa mtoto.